Jina Lililoachwa Kumbini

Mteja wangu wa kwanza kutoka jeshini alikataa kuniambia kilichomtoa lindoni, na kwa siku kadhaa nilimchukia kwa hilo. Nilimweleza uso kwa uso kwamba mshtakiwa anayemficha wakili wake ni kama mgonjwa anayemficha daktari panapomuuma. Akaniitikia "Ndiyo, mama," kwa adabu zote za kwao, kisha akanyamaza tena. Nilimzidi miaka michache tu. Hata hilo neno mama lilinikera.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara binafsi zimeachiwa, na mimi nilikuwa na chumba kimoja cha ofisi mjini Lindi, juu ya duka la mitumba. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Walimu waliuza maandazi, makarani waliuza mayai, na dizeli ilikuwa haishikiki, kwa sababu kila mwenye kibanda cha video alitaka jenereta na kila mwenye boti alitaka mashine. Mimi niliuza maneno. Nilikuwa nimezoea kesi za mirathi, talaka, na majirani waliohamishiana mipaka ya minazi. Wakili mwanamke, tena hajaolewa, mji mzima ulikuja kunitazama kwanza, kesi zikafuata taratibu.

Mama yake yule askari alifika asubuhi moja akitokea Likawage, vumbi la lori bado liko kwenye nyusi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu asiyekaa mpaka umkaribishe tena na tena. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayesema mbele ya wakubwa?"

Nikamwambia ndimi.

"Basi nina mtoto anataka kusemewa. Afisa waliyempa huko jeshini amemwambia akubali makosa aombe huruma. Mwanangu hakuiba. Mimi sina mwingine."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe alikuwa askari wa cheo cha chini kabisa, katika kambi moja ya pwani kati ya Kilwa na Lindi. Ijumaa moja, saa saba mchana, nusu ya kambi iko msikitini, yeye alikuwa zamu kwenye stoo ya mafuta. Akaacha lindo. Alikuja kukutwa mbali, kwenye barabara ya vumbi, anatembea kuelekea bara na bunduki yake begani. Hakuwa anakimbia wala hakujificha. Huku nyuma stoo ilikuwa imevunjwa na mapipa ya dizeli yameibwa. Akashtakiwa kwa makosa mawili: kuacha lindo, na kushirikiana na wezi. La kwanza lingemfukuzisha kazi. La pili lingempeleka gerezani kwa miaka ambayo mama yule, kwa jinsi nilivyomtazama, asingeimaliza.

Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Nilijua tu kwamba majaji wake ni maafisa wenye magwanda, na kwamba sheria inamruhusu askari kutetewa na afisa mwenzake au na wakili wa nje. Nilikubali kwa ujeuri zaidi kuliko kwa ujuzi.

Walinikutanisha naye kwenye chumba cha mawe chenye dirisha dogo juu, koplo mmoja kasimama mlangoni. Kijana alikuwa na sura ya upole na mikono mikubwa ya mkulima, na alikuwa amejibanza kwenye kona, mgongo ukutani. Nilidhani ni woga wa kawaida wa mahabusu.

"Nilitoka," akasema. "Sikuiba."

"Kwa nini ulitoka?"

"Niliitwa."

"Na nani?"

"Sikugeuka kumtazama."

Nikamuuliza ni askari gani anaitwa kwa nyuma, akiwa na bunduki, asigeuke. Akamtazama koplo, akatazama sakafu. "Mama, wewe ni mwanamke. Mengine siwezi."

Hapo ndipo nilipompa ile hotuba ya mgonjwa na daktari. Haikusaidia. Nikaondoka nikiwa nimefura, nikarudi siku nyingine, nikaondoka tena. Mara ya tatu nikabadilisha njia. Nikamwambia asinieleze lolote la wanaume, anieleze tu mwili wake ulifanya nini: alisimama wapi, alielekea wapi, masikio yalipokea nini.

Akasimama kama aliye lindoni. Kisha akasema alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, mgongo umeelekea mikoko. Jua lilikuwa utosini. Jina lake lilitajwa kutoka ndani ya mikoko, mbali. Si jina analotumia sasa. Halafu likatajwa tena, karibu zaidi. Halafu pembeni ya matope. Liliendelea kusogea, na mara ya mwisho lilikuwa hapa, akagusa nyuma ya ukosi wa shati lake.

"Mtu akisema karibu hivyo," nikamwambia, "utasikia pumzi yake."

"Hapakuwa na pumzi, mama. Ndiyo maana nikaondoka."

Koplo mlangoni alibadilisha mguu. Mimi nilijifanya naandika.

Sina imani na mambo haya, au niseme sikuwa nayo. Nimezaliwa katika familia ya Kikristo iliyoteremka kutoka Newala, na kaka zangu walitahiriwa hospitali ya misheni, wakarudi nyumbani na majina yao yaleyale. Kwa hiyo niliomba ruhusa ya kuliona lindo, nikachagua Ijumaa, saa ileile. Nilitaka kujua sauti inasafiri vipi pale, ili niweze kumwuliza shahidi swali la maana.

Tulisimama mlangoni pa stoo, mimi na koplo. Adhana ilikuwa imekwisha. Maji yalikuwa yamekupwa na matope ya chini ya mikoko yalikuwa yanatoa milio midogo midogo, kama uji unaotokota. Kaa walikuwa wengi, wekundu, kila mmoja anapunga kigando chake. Nikageuza mgongo, nikaelekea uwanja wa kambi uliokuwa mtupu, mweupe kwa jua. Koplo alikuwa ananisimulia habari za timu yake ya mpira. Katikati ya sentensi akaacha.

Sikusikia jina lolote. Nasema hivyo kwa sababu watu huniuliza. Nilichosikia ni kwamba ile milio ya matope ilikoma. Nikajikemea kwa woga, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Matope yalikuwa matupu. Kaa huingia mashimoni mtu anapotembea, na sisi tulikuwa tumesimama tu.

"Twende, mama wakili," koplo akasema. Alitangulia yeye, jambo ambalo askari anayemsindikiza mgeni hapaswi kufanya.

Jumatatu yake nilipanda gari la Kilwa, kisha lori, nikamfuata mama yule Likawage. Alikuwa anapepeta ufuta. Nikachukua ungo wa pili nikakaa naye, maana nilishajifunza kwa mwanawe kwamba watu wale hawafungui mdomo ukiwakodolea macho. Nikamwambia: mwanao aliitwa kwa jina ambalo si lake la sasa, na hataki kunieleza.

"Hawezi," akasema. "Hata mimi sipaswi. Ila mwanamke anaweza kumwambia mwanamke mwenzake yale ambayo wanawake wanayajua."

Akaniambia. Mtoto wa kiume anaingia kumbini, kule porini wanakokaa wakati wa jando, akiwa na jina la utoto wake. Anatoka na jina jingine. Siku ya kutoka kibanda kinachomwa moto na wavulana wanaondoka bila kugeuka nyuma, na jina la zamani linabaki pale na majivu. Tangu siku hiyo hakuna wa kumwita kwalo. Kumwita hivyo ni tusi kubwa. Na ikitokea akalisikia limetajwa bila kumwona mtu, wamefundishwa la kufanya: asiitike, asigeuke, atembee mpaka asilisikie.

"Kwa hiyo alitembea," nikasema.

"Alitembea kuja nyumbani. Wewe ungekwenda wapi?"

Kisha akasimulia jingine, ungo ukiwa umesimama mikononi mwake. Mwaka ule waliingia watoto wawili wa nyumba zinazotazamana. Walikuwa wamenyonya pamoja, mama wa mmoja akisafiri, wa mwenzake anamnyonyesha, na walikuwa wakiitana kutwa nzima, kutoka uani hadi uani. Wa jirani hakutoka. Jeraha lilimharibikia. Kumbini msiba hautangazwi, kwa hiyo mama yake aliendelea kupeleka chakula kila siku, na kilipokelewa. Alijua siku ya ngoma, alipowatazama wavulana wakitoka na nguo mpya na wa kwake hayumo.

"Kuna mtu amewahi kukuuliza jina la zamani la mwanao?" nikamuuliza. "Nje ya kijiji."

Akapepeta mara moja. "Sajini mmoja, mkuu wa ile stoo ya mafuta. Nilikwenda kumwona mwanangu mwezi mmoja kabla ya haya. Akanikalisha kwenye kiti, akanipa soda, akaniita mama. Akasema na yeye ni mtu wa kusini, anamlea kijana kama wake. Akaniuliza, huyu mtoto zamani mlimwitaje? Nikamjibu."

Niliangusha ungo. Nakumbuka nilimshika mabega, na furaha ilinipanda kichwani. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Sajini mwenye ufunguo wa stoo, mtu wa kusini, aliyepita jandoni mwenyewe, anajua kabisa kwamba kijana wa Likawage huwezi kumtoa lindoni kwa pesa wala kwa pombe, lakini ukimwita jina lile ataondoka mwenyewe bila kugeuka kuona uso wako. Hakuna mwizi wa Dar es Salaam ambaye angeweza kupanga wizi wa namna hiyo. Mama yule alinitazama nikifurahi, akaokota ungo nilioangusha. Nilidhani ana aibu ya kulitoa jina.

Kesi ilisikilizwa kwenye bwalo la maafisa, meza zimeunganishwa na kufunikwa blanketi za kijani. Mwenyekiti wa mahakama alikuwa kanali mmoja kutoka kanda ya ziwa, mtu wa haraka. Sajini wa stoo alitoa ushahidi wa kwanza, kanyooka, buti zinang'aa. Alisema mshtakiwa alikuwa mlegevu siku zote. Nikamuuliza kama analijua jina la utoto la mshtakiwa. Akasema hapana, na akalisema kabla sijamaliza swali.

Akafuata dereva, raia, kijana wa Dar aliyekamatwa na mapipa Kilwa Kivinje. Alikuwa ameahidiwa nafuu ili aseme kwamba mlinzi alikuwa mwenzao.

"Ulijuaje kwamba mlinzi ataondoka?"

"Niliambiwa dogo yumo kwenye mchongo."

"Nani alikuambia?"

"Sajini."

"Na kabla mlinzi hajaondoka, sajini alikuwa kwenye mikoko, siyo?"

Dereva alinitazama kwa namna ya mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. "Alikuwa kwenye mikoko, mheshimiwa. Aliingia akaita. Neno la kilugha, mimi sikulielewa. Akaita mara moja, akarudi mbio, buti zimejaa matope, akaniambia washa gari."

"Mara moja?"

"Mara moja tu. Alisema kwanza ataita mpaka dogo aondoke. Lakini dogo akawa tayari anakwenda. Na yeye sajini hakusema neno tena mpaka aliposhuka njiani kabla ya Kivinje. Nikimsemesha anageuka kutazama nyuma ya gari."

Nilisikia jibu lile. Nililisikia vizuri, na nikalipita, kwa sababu nilikuwa nashinda. Wakili anayeshinda anasikia anachokihitaji tu.

Kisha nikamwita mama. Alikula kiapo kwa sauti ndogo, akaeleza habari ya kiti, soda na swali. Kanali akainama mbele.

"Jina lenyewe ni lipi?"

Mshtakiwa akasimama bila ruhusa. Koplo alimshika mkono lakini hakumvuta. Mama akasema, "Mzee, adhabu yoyote mtakayonipa nitaichukua. Hilo silisemi mbele ya mtoto wangu." Kanali alianza kukunja uso. Meja mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yake, ambaye hakuwa ameuliza swali tangu asubuhi, akamnong'oneza kitu kirefu. Kanali akamtazama yule meja, akamtazama kijana, akasema tuendelee.

Walitoka kushauriana, wakarudi kabla chai yangu haijapoa. Kushirikiana na wezi: hana hatia. Kuacha lindo: ana hatia, afukuzwe jeshini, na muda aliokaa mahabusu unatosha. Sajini alikamatwa mlangoni pa bwalo na watu waliokuwa wanampigia saluti asubuhi ile. Hakubisha. Nilisikia anawaomba wamfunge chumba chenye watu wengine.

Kijana akapelekwa kurudisha gwanda na kuvaa nguo zake za nyumbani. Mimi na mama yake tukamngoja nje, kivulini mwa ukuta. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Nikamwambia, "Unaona, mama? Ni mtu tu. Mtu na tamaa ya dizeli."

Hakutabasamu. Alinivuta mkono tukasogea mbali na dirisha.

"Yule sajini nilimwona macho," akasema. "Mtu hakuulizi jina la zamani la mwanao bure. Na mimi nimekaa kwenye kiti chake, nimekunywa soda yake, siwezi kumnyima jibu. Nikampa la yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Wa jirani. Aliyebaki. Nikasema moyoni, wa kwangu nitamkinga, na yule hayupo, halimdhuru."

Nilimwelewa, lakini akili yangu ilikataa kupokea. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Likawage. Akasema nilikuwa nimefurahi sana, na aliona njia ya mwanawe kutoka, na hakuna aliyemuuliza ni jina la nani.

"Kwa hiyo pale kwenye mikoko sajini alimwita yule mtoto."

"Alimwita mara moja. Dereva amesema." Aliongea kwa utulivu, kama anayenielekeza njia ya kisimani. "Na mwanangu jana ameniambia alichosikia. Hakusikia la yule. Alisikia la kwake, mara nyingi. Amesema ilikuwa sauti ya mtoto."

Ilikuwa mchana, jua kali, askari wanapita na ndoo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa natabasamu. Nilifikiria yule mtoto aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka yote ile ya kutoitwa na mtu. Akaitika. Na akiitika, angemtafuta nani, kama si yule aliyezoea kucheza naye?

"Usimwambie," mama akasema. "Akijua, hatarudi kijijini. Atatembea tu. Wewe ndiwe unayesema, na watu wanakuamini."

Kijana akatoka. Alikuwa amevaa shati la mitumba lenye maandishi ya nchi nyingine, na alionekana mdogo zaidi kuliko ndani ya gwanda. Alinishukuru kwa mikono yote miwili. Kisha akasimama, anatafuta namna ya kusema.

"Mama, naomba kukuuliza. Mtu mzima anaweza kuigiza sauti ya mtoto?"

Nimesimama mbele ya mahakimu wengi tangu wakati huo, na nimetetea watu waliokuwa na hatia na wasiokuwa nayo. Sijawahi kutaka kuaminiwa kama nilivyotaka pale.

"Anaweza," nikasema. "Wezi wanafanya hivyo. Ni sajini aliyekuita, mwanangu. Ni yeye, hapakuwa na mwingine."

Akanitazama machoni. Mabega yake yakashuka. "Basi naweza kurudi nyumbani," akasema.

Walikwenda kungoja gari la Kilwa. Kijana alitangulia na begi. Mama yake alimfuata nyuma, karibu sana, karibu mpaka akawa anamkanyaga visigino, na kijana alipomwomba apite mbele, alikataa.